Jibu: Daktari kijana ananufaika nini na chama cha wanapatholojia?

Dada, umeuliza kama ada ya kujiunga na chama cha wanapatholojia, yaani madaktari wanaochunguza vipande vya mwili maabara ili kutambua ugonjwa, ina faida yoyote kwako huko Mbarara, zaidi ya cheti cha kutundika ukutani. Jiunge, tena mapema.

Chukua kansa ya matiti. Mwaka 2010 vyama viwili vya Marekani, cha madaktari wa kansa na cha wanapatholojia, vilitoa mwongozo wa kupima vipokezi vya homoni, yaani protini za seli za kansa zinazopokea homoni: kipande kilichokatwa kiingie kwenye formalini, kimiminika cha kukihifadhi, ndani ya saa moja, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Usipofuata hilo, jibu linaweza kutoka hasi kimakosa, na mama wa watu akakosa tamoxifen, dawa ya kuzuia homoni, ambayo ingemsaidia. Sasa fikiria chupa inayokuja Kampala kwa basi kutoka Arua, formalini kidogo, saa ya upasuaji haikuandikwa! Maabara moja haina uwezo wa kupima ushahidi wote na kuweka kanuni kama hiyo. Wenzako wakikaa pamoja wanaweza.

Kwa upande wetu kuna COPECSA, chuo cha wanapatholojia wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Kifuatilie.

Kuhusu utafiti, kumbuka Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1961 Epstein, mtafiti wa virusi, alisikiliza mhadhara wake London kuhusu uvimbe wa kansa wa watoto wa Afrika. Sampuli za uvimbe zikawa zinatumwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 kirusi kilichoonekana ndani ya uvimbe huo, kinachoitwa leo Epstein-Barr, kikatangazwa.

Kabla hujalipa, uliza kama madaktari walio masomoni wana punguzo, na kama wanachama hujadili pamoja slaidi ngumu, yaani vioo vya sampuli ambavyo ugonjwa wake si rahisi kuutambua. Mimi hilo la pili ningelipa kipaumbele.