Kidonge cha kipandauso ni cha kuwahi

Hapa Dar ukisema kichwa kinakuuma hadi unatapika, utaambiwa moja kati ya mambo matatu: kapime malaria, kunywa maji mengi, au meza Panadol ulale. La malaria silipingi, ukiwa na homa kupima ni lazima. Lakini kama majibu yanarudi safi kila mara, na kichwa kinagonga upande mmoja, mwanga unakukera, harufu ya samaki wa kukaanga inakuchafua roho, na hali hiyo inakurudia miaka nenda rudi, basi huenda ni kipandauso; muone daktari mzungumzie dawa za cheti.

Si lazima uanzie huko juu. Wapo wanaotulia kabisa kwa ibuprofeni ya 400 mg ikimezwa mapema, pamoja na metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Mimi ibuprofeni ilinishinda, tumbo langu na dawa za jamii hiyo hatupatani, ndipo daktari akaniandikia sumatriptani ya 50 mg.

Hii ni moja ya dawa ziitwazo triptani, zilizoingia kwenye matibabu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Si dawa ya maumivu ya kila aina. Inafanya kazi kwenye vipokezi vya serotonini, kemikali ya mwilini: mishipa ya damu ya kwenye utando wa ubongo inabana, na neva zinazosafirisha maumivu ya kichwa zinapunguza kumwaga kemikali zinazoyachochea. Kwa hiyo haisaidii mgongo wala jino. Kuna kaka mmoja kazini aliniomba kidonge kwa ajili ya mgongo nikamnyima, akanuna hadi jioni. Presha yake hajawahi kupima. Dawa inayobana mishipa haipewi mtu mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa, na mji huu umejaa watu wanaotembea na presha wasiyoijua. Ukifika famasi ukaulizwa, "Dada, presha umepima lini?", usimuone mfamasia anakuchelewesha.

Tatizo kubwa ninaloliona kwa wenzangu ni kuvumilia. Tumelelewa hivyo: ngoja kwanza kizidi, ndiyo umeze. Kwa kipandauso hiyo inakula kwako. Shambulio likikolea, tumbo nalo linazembea, kidonge kinakaa humo bila kuingia vizuri kwenye damu, na ukitapika ndiyo kimekwenda. Kwa hiyo kikianza kudunda nyuma ya jicho la kushoto nikiwa nimesimama kwenye mwendokasi pale Magomeni, watu wamebanana na jua linapiga kioo, sisubiri kufika Kivukoni. Kidonge kinakaa kwenye mfuko mdogo wa mkoba, pamoja na kichupa cha maji. Nameza hapohapo, navaa miwani ya jua, anayenishangaa anishangae.

Wale mnaoona vimulimuli au mistari ya kumetameta kabla ya kichwa kuuma, triptani humezwa maumivu yenyewe yakianza, si wakati wa vimulimuli. Na kama kidonge cha kwanza hakikufanya kitu, usiongeze kingine kwa shambulio hilohilo. Cha pili ni kwa maumivu yaliyotulia kisha yakarudi, na angalau saa mbili ziwe zimepita.

Baada ya kumeza unaweza kuhisi shingo nzito, vidole vinachonyota, kifua kama kimekazwa kidogo. Kwa kawaida hupita. Kifua kikiuma kwa nguvu au maumivu yakishuka mkononi, huyo ni wa hospitali, na mara moja.

Kwenye maduka ya dawa unaweza kukutana pia na egotamini, kidonge cha kipandauso cha zamani zaidi kinachochanganywa na kafeini. Hapa naomba msikilize vizuri. Hakimezwi ndani ya saa 24 na triptani, maana vyote viwili vinabana mishipa. Mjamzito haruhusiwi kukimeza. Tena kikikutana na ritonaviri, iliyomo kwenye baadhi ya ARV, hasa za hatua ya pili, au na antibayotiki kama erithromisini na klarithromisini, kinajaa mwilini hadi damu inaweza kushindwa kufika kwenye vidole vya mikono na miguu. Najua ilivyo dirishani: foleni nyuma yako, jirani wa mtaani yupo nyuma ya mtu wa tatu, nani atataja ARV kwa sauti? Mwite mfamasia pembeni. Au mwonyeshe kopo lenyewe, hata picha yake kwenye simu inatosha.

Sumatriptani usiitarajie kwenye kila duka la dawa muhimu la mtaani. Piga simu famasi kubwa kwanza kabla ya kupanda gari la Kariakoo au Posta na kichwa chako.

Jambo lingine ni hesabu. Triptani, egotamini na vile vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini, ukivitumia siku 10 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, dawa yenyewe inaweza kuanza kukuletea kichwa. Kwa parasetamoli au ibuprofeni pekee ni siku 15. Mimi natia alama ya kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, jikoni. Alama zikianza kusongamana, narudi kwa daktari kuzungumzia dawa za kuzuia: propranololi, ambayo wenye pumu hawapewi, au amitriptilini ya usiku. Hizo humezwa kila siku, kichwa kiume kisiume.

Kichwa kinacholipuka ghafla kwa kishindo usichowahi kukijua, kinachokuja na homa na shingo kukakamaa, au na upande mmoja wa mwili kulegea, usikimezee kitu chochote cha kwangu. Kimbia hospitali.

Na kina dada wenye vimulimuli, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni vinawaongezea hatari ya kiharusi. Kliniki wasipokuuliza habari za kipandauso, wewe waambie kabla hawajakuandikia. Zipo njia nyingine nyingi zisizo na estrojeni.