Re: Madoa ya manjano kwenye ukuta wa matumbawe

Kaka, hayo madoa ya manjano uliyouliza, yaliyoganda kwenye ukuta wenu wa kale hapo Kibokoni, si rangi wala kutu. Naona ni kuvumwani: kuvu na mwani wanaoishi pamoja, kuvu akitoa makao, mwani akipika chakula kwa jua. Jaribu kubandua kwa ukucha. Yaking'ang'ania kama ukoko wa wali chini ya sufuria, basi ndiyo yenyewe. Aina nyingi za manjano hupenda mawe ya chokaa, na matumbawe yetu ni chokaa tupu. Umanjano huo ndio mwavuli wao wa jua kali. Hukua polepole mno, milimita moja au mbili hivi kwa mwaka. Brashi ya waya usiguse, utakwangua jiwe lenyewe. Mimi ningeyaacha, yapendeza.