Maswali ya Wasomaji: Akili Mnemba Katika Utafiti wa Ufundishaji wa Sayansi

Nasoma uzamili wa elimu ya sayansi. Nina majibu 400 ya wanafunzi wa kidato cha pili, yote kwa Kiswahili, kwa swali hili: "Mbegu ya mwembe ina gramu chache tu, lakini mti ukikua una mamia ya kilo. Uzito huo umetoka wapi?" Naweza kuipa akili mnemba iyaainishe yote, nami niandike matokeo? — Mwanafunzi, Dodoma

Kwa mtindo huo, hapana. Mashine itakupunguzia kazi, ila baada ya kuthibitisha kwamba inayaona unayoyaona wewe.

Anza na majibu 50 yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka shule zote. Yasome bila mashine, kisha andika mwongozo wa makundi: uzito umetoka kwenye udongo au mbolea, umetoka kwenye maji peke yake, umetoka hewani, jua limegeuka kuwa mti, jibu halieleweki. Kila kundi lipe maelezo ya sentensi mbili, mifano mitatu ya majibu yanayoingia, na mmoja unaokaribia kuingia lakini hauingii. Huo wa mwisho ndio wenye faida kuliko yote. Jibu sahihi lenyewe liandike wazi: sehemu kubwa ya uzito mkavu wa mti imetokana na kabonidioksidi ya hewani pamoja na maji, na madini ya udongo yamechangia kidogo sana.

Chukua sasa majibu mengine 100. Wewe na mwenzako mnayaainisha kila mtu kivyake, na mashine nayo inayaainisha kwa mwongozo uleule. Yale 50 ya mwanzo usiyarudie, maana umeshayatumia kunyoosha maelekezo, na mashine itaonekana hodari kuliko ilivyo.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya kwa kuhesabu asilimia ya kukubaliana. Chukua mfano wa kundi la udongo. Kati ya majibu 100, ninyi mmekubaliana kwamba 20 yanaingia humo. Mashine imetaja 16, na kati ya hayo 11 ndiyo yenu, 5 si yenu. Mmekubaliana na mashine mara 86 kati ya 100, na ukiandika "asilimia 86" msimamizi atafurahi. Lakini mashine imekosa 9 kati ya 20, karibu nusu ya dhana potofu uliyokuwa unaitafuta! Kappa ya Cohen huondoa kukubaliana kwa bahati: (0.20 × 0.16) + (0.80 × 0.84) = 0.704, kisha (0.86 − 0.704) ÷ (1 − 0.704) = 0.53. Kwa vipimo vya Landis na Koch vya mwaka 1977, vinavyotumiwa sana, hiyo ni ya wastani tu. "Nzuri" inaanzia 0.61. Ripoti kappa ya kila kundi, na ile ya watu wawili iweke kando ya ile ya mtu na mashine. Kama ninyi wawili wenyewe hamfiki 0.61, mwongozo ndio mbovu, usiilaumu mashine.

Makosa yake yana sababu. Mtoto akiandika "mti unakula mbolea halafu jua linausaidia kupika", mashine ikiona "jua" na "kupika" huweza kudhani anaeleza usanisinuru (mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa), wakati chakula anachokitaja kimetoka ardhini. Mwingine akiandika "majani yanavuta hewa chafu", mwalimu yeyote anajua ni ile hewa tunayoitoa puani, yaani kabonidioksidi. Mashine inaweza kudhani ni moshi wa viwandani. Mambo kama haya yaingize kwenye mwongozo. Usitafsiri majibu kwa Kiingereza kwanza wala usisahihishe tahajia, kwani ukifanya hivyo unakuwa umeshaanza kuyaainisha bila kujua.

Kwa upande wa utendaji, ukibandika majibu 100 kwa mkupuo, mashine huruka mistari, na jibu la juu huathiri la chini. Tuma moja moja, au machache, kila moja na namba yake. Idai irudishe namba, kundi, na maneno ya mtoto yaliyoifanya iamue. Yasipokuwemo kwenye jibu, imeyabuni. Rudia mara tatu kwenye mazungumzo mapya, na majibu yatakayobadilika kundi yasomwe na mtu. Andika jina la modeli, toleo na tarehe, kwa sababu modeli hubadilishwa kimyakimya na mwakani hutapata matokeo yaleyale.

Kabla ya yote, ondoa majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Kufuta safu ya majina kwenye Excel hakutoshi, maana watoto huandika "shambani kwa babu fulani, kijiji fulani" ndani ya jibu lenyewe. Fomu ya ridhaa nayo iseme wazi kwamba majibu yatapitishwa kwenye programu ya nje.

Msimamizi wangu ameweka tasnifu yangu ya Kiingereza kwenye programu ya kubaini akili mnemba. Imesema asilimia 70 imeandikwa na mashine. Nimeandika mwenyewe. Nifanyeje? — Eldoret

Asilimia hiyo si ushahidi. Watafiti wa Stanford walionyesha mwaka 2023 kwamba programu saba za aina hiyo, kwa wastani, zilidai kuwa zaidi ya nusu ya insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni, zimeandikwa na mashine, ilhali ziliandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Sababu ni kwamba programu hizo hushuku sentensi nyepesi zenye maneno ya kawaida, na ndivyo wengi wetu tunavyokiandika Kiingereza. OpenAI wenyewe, watengenezaji wa ChatGPT, waliondoa programu yao ya kubaini Julai 2023 kwa udhaifu wa usahihi. Mpelekee msimamizi historia ya matoleo ya faili, rasimu zenye masahihisho yake na daftari la data, kisha omba akuhoji ana kwa ana kuhusu sura anayoitilia shaka.

Nafundisha Fizikia. Nataka mkondo A utumie akili mnemba kwenye mada ya kani na mwendo, mkondo B usitumie, kisha nilinganishe mtihani. Panatosha? — Mwalimu, Morogoro

Hapatoshi, Mwalimu, ila panarekebishika.

Kwanza, mtihani ufanyike bila mashine. Uturuki walipima karibu wanafunzi elfu moja wa sekondari katika hisabati. Waliopewa ChatGPT ya kawaida walipata alama za mazoezi zilizo juu kwa asilimia 48, lakini iliponyang'anywa kwenye mtihani walikuwa chini kwa asilimia 17 kuliko wasiowahi kuipata. Wale ambao yao ilielekezwa kutoa vidokezo badala ya majibu, mazoezi yalipanda kwa asilimia 127 na hasara ile karibu ikatoweka. Kwa hiyo alama za mazoezi usizihesabu kama kujifunza, na maelekezo uliyoipa mashine yaandike neno kwa neno kwenye ripoti.

Pili, mikondo miwili hutofautiana tangu mwanzo. Badilishana: mada ya kwanza A itumie, ya pili B itumie. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walifanya hivyo kwa wanafunzi 194 wa fizikia. Dakika ziwe sawa pande zote, na wasiotumia wapewe mazoezi yaleyale pamoja na majadiliano ya vikundi. Wakikaa bure, utakuwa umepima muda wa ziada tu.

Tatu, toa jaribio kabla na baada, ukokotoe ongezeko: (baada − kabla) ÷ (100 − kabla). Darasa likitoka 30 hadi 51, ni 21 ÷ 70 = 0.30. Mwanafizikia Hake, mwaka 1998, kwa wanafunzi 6,542 wa fizikia, alipata wastani wa 0.23 kwa mihadhara ya kawaida na 0.48 kwa masomo ya kushirikisha. Rudia jaribio baada ya wiki nne. Weka pia daftari la nani aligusa simu kwa dakika ngapi. Wanne wakichangia simu moja, mmoja ndiye anayeuliza.

Sina ruhusa bado ya kuingia shuleni. Naweza kuiagiza akili mnemba ijibu kama wanafunzi 50, nijaribie dodoso langu? — Msomaji, Mbeya

Kama data, hapana. Makosa inayoyabuni ni safi mno na yanafanana, ilhali mtoto halisi hushika mawazo mawili yanayopingana katika sentensi moja. Majibu potofu ya swali la kuchagua yatoe kwenye maandishi ya wanafunzi wenyewe, kama mtafiti wa elimu ya sayansi Treagust alivyopendekeza tangu 1988. Mashine itumie kutafuta maswali yenye maana mbili, au yale ambayo jibu sahihi ndilo refu kuliko mengine. Baada ya hapo, kibali kikitoka, keti na wanafunzi watano au sita, kila mmoja akisoma swali kwa sauti na kueleza anachofikiri.