Kutu kwenye mfereji wa paa la Hiace

Kaka, umeuliza kama inatosha kupaka puti juu ya kutu ya mfereji wa paa kabla masika hayajaanza. Tafadhali usifanye hivyo! Puti hunyonya maji, na kutu itaendelea kula bati chini kwa chini. Yangu, hapa Moshi, niliibandua sili ya zamani (ile gundi ya mpira inayoziba maungio ya mfereji) kwa bisibisi: juu rangi nzima kabisa, chini bati limegeuka unga mwekundu. Kwangua mpaka bati ling'ae, paka praima ya epoksi (rangi ya msingi ya kukinga kutu), ikikauka jaza sili ya poliurethani, kisha rangi. Silikoni inayonuka siki iache, inaleta kutu. Pakiwa pametoboka, fundi achomelee kiraka, ila mshushe kwanza kitambaa cha dari kisije kikashika moto.