Maswali na majibu: Usiku wa Triton

Wiki iliyopita niliandika kuhusu Triton, mwezi mkubwa wa Neptuni, uliopigwa picha na Voyager 2, chombo cha anga cha NASA kisicho na mtu ndani, tarehe 25 Agosti 1989. Maswali yamekuja mengi, nimechukua manne.

*Chombo kilikuwa mbioni. Mbona picha hazikuvurugika?*

Hili ndilo nililolipenda zaidi. Neptuni iko mbali na Jua mara 30 kuliko sisi, kwa hiyo mwanga wa huko ni hafifu mara 900 hivi. Kamera ililazimika kukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, huku chombo kikikata zaidi ya kilomita 15 kila sekunde. Aliyewahi kupiga picha gizani kwa simu huku mkono ukitetemeka anajua matokeo yake. Wahandisi wakafanya kama mpiga picha wa mbio za baiskeli, anayegeuka na mwendeshaji anapopita. Ila hapa kiligeuka chombo kizima, polepole, kwa amri zilizotumwa mapema. Redio huchukua saa nne na ushei kufika kule. Ukigundua umekosea, Triton imeshapita zamani.

*Rangi zile ni za kweli?*

Kamera ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Ilipiga kupitia vichujio vya rangi, picha zikaunganishwa huku nyumbani. Ule uwaridi hafifu wa kusini upo, ingawa picha nyingi mtandaoni zimekolezwa.

*Zilitufikiaje kutoka mbali hivyo?*

Kwa redio ya wati 20 na kidogo, chini ya balbu ya kawaida. Kazi ngumu ilikuwa kusikiliza: NASA ilipanua antena zake kubwa kutoka mita 64 hadi 70, na antena 27 za New Mexico, Marekani, zikaungana nazo.

*Barafu tupu ina faida gani?*

Ndivyo tulivyodhani, barafu tupu. Joto ni nyuzi 235 chini ya sifuri, nitrojeni imeganda kama mwamba. Lakini picha za eneo lile lile, zilizopigwa kwa pembe tofauti, zilipolinganishwa, palionekana nguzo nyeusi zikipanda wima kilomita 8, kisha upepo unazilaza na kuzivuta zaidi ya kilomita 100. Mwezi ule unafuka! Na tuliona kama asilimia 40 tu ya uso wake. Kaskazini kulikuwa giza, na hakuna chombo kilichorudi tangu hapo. Mimi natamani sana kuiona kaskazini hiyo.