Nyumba ya Kiwandani Marekani: Jibu Langu Kuhusu Kilicho Chini Yake

Shemeji, umeuliza kwa niaba ya wenzako inawezekanaje mtu aseme ana nyumba Marekani na papo hapo alalamike kila mwaka kuhusu gharama za msingi unaoibeba nyumba hiyo. Nitajibu bila kupamba, hasa kwa kuwa wawili kati yenu mnajiandaa kuja huku na mmekwisha kuona mtandaoni kwamba nyumba za aina hii zinauzwa kwa bei nafuu kuliko nyingine.

Nyumba ninayo, lakini haikujengwa hapa ilipo. Iliundwa kiwandani, ikavutwa barabarani kwa magurudumu yake, ikaegeshwa kwenye kiwanja ambacho si changu na ambacho ninakilipia kodi kila mwezi. Tangu Juni 1976 nyumba hizi huundwa kwa kanuni moja ya serikali kuu, na kila kipande kinachosafirishwa hubandikwa kibati chekundu upande wa nje. Kanuni hiyo, hata hivyo, ilihusu nyumba yenyewe. Namna ya kuisimika ardhini iliachwa kwa muda mrefu mikononi mwa majimbo na watengenezaji, mpaka sheria ya mwaka 2000 ilipoagiza viwepo viwango vya chini vya usimikaji kwa nchi nzima. Ndiyo maana mnaweza kukuta nyumba mbili za kiwanda kimoja na za umri mmoja, moja imetulia na nyingine milango yake haifungiki.

Chini ya sakafu kuna chesisi, yaani mihimili ya chuma inayokwenda urefu wote wa nyumba, na kwa sheria chesisi hiyo haiondolewi hata nyumba ikikaa mahali pamoja miaka mingi. Mihimili inakalia nguzo za bloku za zege zenye matundu, ambazo kwa kawaida hupangwa kavu bila saruji kati yake, juu ya vitako vya zege au vya plastiki ngumu. Kati ya kichwa cha nguzo na mhimili hupigiliwa kabari za mbao ngumu, mbili mbili, zikikabiliana. Nguzo inayofika inchi 36 haitakiwi kuwa ya bloku moja moja. Hupangwa mbili mbili kwa kupishana, na ikizidi inchi 67 ni lazima mhandisi aisanifu. Kwa ufupi, kinachoshikilia nguzo hizo ni uzito wa nyumba tu, na udongo ukisogea, nyumba nayo inasogea.

Udongo husogezwa na maji, na hapa ndipo pesa yangu inapokwendea. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Katika majimbo ya baridi kali maji yaliyomo ardhini huganda na kuinua kitako ambacho hakikuchimbiwa chini ya kina ambacho barafu hufikia, kisha barafu ikiyeyuka kitako kinarudi chini, na mara nyingi si pale pale kilipokuwa. Viwango vinataka ardhi iinamie nje kwa nusu inchi katika kila futi, kwa futi 10 za kwanza kutoka kwenye nyumba. Mwenye kiwanja changu alimwaga kokoto kuinua eneo la jirani, na tangu hapo maji ya mvua yanaishia kwangu. Barua nilizomwandikia anajibu kwa adabu sana, na mfereji hadi leo haujachimbwa.

Ukiingia chini na tochi, ukitambaa kifudifudi, usikimbilie kutazama nyufa. Shika kabari moja baada ya nyingine. Ile inayozunguka kwa vidole viwili inakuambia kwamba nguzo hiyo haibebi chochote, na kwamba mzigo wake umehamia kwa nguzo za jirani, ambazo nazo zitaanza kudidimia. Juu sebuleni, habari hiyo hiyo huonekana kama dirisha linalokwama au ufa unaotoka kwenye kona ya mlango.

Kuisawazisha upya ni kazi ya fundi mwenye leseni, na mimi simchagui kwa bei. Fundi wa kweli hupima kwa mpira wa maji, ule ule ambao mafundi wenu wanautumia, kisha huinua mhimili kwa jeki kidogo kidogo, akihama kutoka nguzo hadi nguzo, maana ukiinua kona moja kwa pupa unapasua kuta na kupinda fremu za madirisha. Haingizi hata mkono chini ya mhimili unaoshikiliwa na jeki pekee. Hupanga kwanza magogo ya kuegemeza. Kama nyumba ni ya vipande viwili vilivyounganishwa katikati, mwulizeni atafanya nini kwenye mstari wa maungio, kwa sababu uzito wa paa hushukia hapo na mafundi wa bei ya chini hushughulikia kingo tu.

Kuna mambo mengine ambayo hayasubiri. Ardhi yote ya chini hutandikwa nailoni nzito ili unyevu usipande kwenye sakafu, na ule ukuta mwembamba unaozunguka nyumba lazima uwe na matundu ya hewa. Bomba la mashine ya kukaushia nguo litolewe hadi nje kabisa, kwani likiishia chini ya nyumba linaleta ukungu. Turubai jeusi la chini ya sakafu, linaloshikilia sufi ya kuzuia baridi, likining'inia kama kiriba, jueni kuna bomba linalovuja juu yake: fungeni maji kwanza, ndipo mlitoboe. Mikanda ya chuma inayofunga nyumba kwenye nanga zilizochimbiwa ardhini hulegea nyumba ikididimia, na hulazimika kukazwa upya kila baada ya kusawazisha. Kimbunga Andrew kiliharibu vibaya nyumba za aina hii kusini mwa Florida mwaka 1992, na mwaka 1994 viwango vya kuhimili upepo vikapandishwa. Kwa hiyo iliyoundwa kabla ya hapo mimi singeinunua katika jimbo la pwani yenye vimbunga.

Mnauliza kwa nini nisiihamishie kwenye kiwanja cha bei nafuu. Kuihamisha ni ghali, viwanja vingine havipokei nyumba kuukuu, na safari yenyewe huitikisa. Kukopa nako si rahisi: katika majimbo mengi nyumba iliyo kwenye ardhi ya kukodi husajiliwa kwa hati kama ya gari, na mkopo wake huwa na riba kubwa kuliko ya nyumba ya kawaida. Kwa hiyo ninyi wawili, kama mtaweza kupata nyumba pamoja na ardhi yake, nunueni, mradi muuzaji akubali fundi wenu aingie chini kabla hamjatia saini. Akikataa, achaneni naye. Kama ni ya kiwanja cha kukodi, someni kwanza kipengele cha mkataba kinachosema nani anawajibika kwa mifereji.

Fundi wangu anakuja mwezi ujao, Shemeji, kwa hiyo mchango wa harusi nitautuma nusu kwanza.