Seva Haijafa, Usiizime

Jana, hapa ofisini Arusha, kijana wetu wa fildi aliizima na kuiwasha seva, ile kompyuta inayohudumia ofisi nzima, mara tatu kabla ya chai ya saa nne, kwa kuwa inakatika mtandaoni na kurudi. Kila ikirudi anashusha pumzi: "Kaka, imekaa sawa." Nikaukumbuka mwaka wangu wa kwanza kazini, Moshi. Wadogo zangu, mnanipa presha, lakini nawapenda, kwa hiyo sogeeni.

1. Seva ikikatika na kurudi, usiiguse kwanza. Acha ping, amri inayoiita seva na kusubiri ijibu, iendelee kwenye kompyuta mbili, na kama ni Linux uweke -D ili kila jibu liandikiwe muda wake.

2. Kwenye mtr, programu inayoonyesha njia ya pakiti (vipande vya data) kituo kwa kituo, hopu, yaani kituo, ya katikati ikipoteza asilimia 40 ya pakiti na ya mwisho ikasoma sifuri, achana nayo. Ruta nyingi, vile vifaa vya njiani vinavyoelekeza pakiti, hubana majibu yanayohusu zenyewe, huku pakiti za wengine zikipita vizuri. Msinitumie tena picha za hopu hizo saa tano usiku, tafadhali.

3. Msikilize mtumiaji. Hapa ndipo nilipoumia. Kule Moshi, mfumo wetu uliokuwa kwenye seva ulikuwa unagoma mchana. Usiku nikipima, shwari. Nilibadilisha kebo, nikahamisha poti kwenye swichi, nikaweka hadi kadi mpya ya mtandao. Nikiwasha seva upya inapona, kisha inagoma tena. Mama mmoja wa uhasibu aliniambia mara mbili: "Mwanangu, mbona nikiwasha printa tu ndiyo mfumo unakwama?" Nikaitikia "sawa mama" na kupita. Printa yake ilikuwa inachapa kwa USB, nikaona haihusiki. Wiki ya tatu nikaizima seva katikati ya mishahara. Jedwali moja likaharibika, na watu, walinzi wakiwemo, wakalipwa siku mbili baadaye. Mlinzi wa getini alinisalimia kama kawaida. Ile salamu ilinichoma kuliko barua ya onyo.

Usiku huo sikulala. Asubuhi nikaendesha arping, amri inayouliza mtandaoni nani mwenye anwani fulani, kwenye anwani ya seva (namba yake ya mtandaoni): swali moja, majibu mawili, MAC mbili tofauti, yaani namba za utambulisho za vifaa viwili. Tarakimu sita za mwanzo za ile ngeni zilikuwa za watengenezaji wa printa. Nyuma ya printa ya mama kulikuwa na kebo ya mtandao iliyosahaulika. Siku umeme ulipokatika, printa iliwahi kuamka, DHCP, huduma inayovigawia vifaa anwani, ikaipa anwani ya seva. Mama akiiwasha, pakiti za watu zinaishia kwenye printa. Seva nayo ikiwaka inajitangaza upya kuwa anwani ni yake, ndiyo maana nilidhani naiponya. Nikaenda kumwomba mama radhi. Akanivutia kiti: "Kaa, unieleze hiyo anwani ni kitu gani."

4. Anwani za seva zikae nje ya zile zinazogawiwa na DHCP.

Leo kijana ana daftari mezani, ping inatembea, na amemuuliza kila mtu wa ghorofa ya chini huwa anawasha nini, saa ngapi. Seva hajaigusa. Tunasubiri ikatike.